Namna ya Kupima Kina cha Umaskini na Kukilinganisha Mwaka kwa Mwaka: Somo kwa Watendaji wa Mtwara na Lindi

Katika vikao vingi vya halmashauri zetu umaskini hutajwa kwa asilimia moja tu, nayo ni ile ya watu walio chini ya mstari wa umaskini, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini. Asilimia hiyo hueleza idadi yao, lakini haielezi wako chini kiasi gani, kwa maana aliyepungukiwa shilingi mia mbili na aliyepungukiwa shilingi elfu thelathini huhesabiwa sawa. Kina cha umaskini ndicho kipimo kinachowatofautisha hao wawili, na mtu yeyote anayejua kutoa na kugawanya anaweza kukikokotoa.

Hatua ya kwanza: chagua mstari mmoja na udumu nao. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, iliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ule wa chakula kuwa shilingi 33,748. Mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri wake, kwa hiyo matumizi ya kaya ya watu sita hayagawanywi kwa sita. Anayebadilisha mstari katikati ya safari hawezi tena kulinganisha: Benki ya Dunia ilipopandisha mstari wake wa kimataifa kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa siku, Juni 2025, mamilioni ya watu waliingia katika hesabu ya maskini bila maisha yao kubadilika siku hiyo.

Hatua ya pili: kusanya matumizi, wala si kipato. Kwa mikoa yetu hatua hii ndiyo yenye mitego mingi. Mkulima wa korosho hulipwa sehemu kubwa ya fedha zake za mwaka katika miezi michache ya minada, kuanzia Oktoba, kisha huzigawa hadi msimu mwingine. Kwa hiyo mdadisi anayeuliza kipato mwezi Desemba atawakuta watu wana fedha, na anayeuliza mwezi Machi, chakula cha ghalani kikiwa kimepungua, atawakuta hawana kitu, ilhali ni watu wale wale. Matumizi nayo hupanda na kushuka, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, na ndiyo maana kaya za sampuli husambazwa katika miezi yote 12. Muhogo uliotoka shambani, nazi na samaki wa kitoweo vitiwe thamani kwa bei ya soko la karibu, la sivyo kaya inayojilisha yenyewe itaonekana haina chochote. Kwa upande mwingine, bati na pikipiki zilizonunuliwa baada ya malipo ya korosho zisihesabiwe kuwa matumizi ya mwezi huo, kwa sababu zitatumika kwa miaka.

Hatua ya tatu: kokotoa. Tuchukue mfano wa kubuni wa watu wazima kumi, na mstari wa shilingi 50,000 ili hesabu iwe nyepesi. Sita wako juu ya mstari; wanne waliobaki hutumia shilingi 45,000, 40,000, 30,000 na 20,000. Pengo la kila mmoja, yaani kiasi anachopungukiwa kufika kwenye mstari, likigawanywa kwa mstari tunapata 0.1, 0.2, 0.4 na 0.6, ambazo jumla yake ni 1.3. Jumla hiyo igawanywe kwa watu wote kumi, si kwa maskini wanne, na kina kitakuwa asilimia 13, wakati idadi ya maskini ni asilimia 40.

Miaka mitano baadaye, tuseme, yule wa 45,000 amefika 51,000, na yule wa 20,000 ameporomoka hadi 10,000. Idadi ya maskini imeshuka hadi asilimia 30, na taarifa ya mwaka itaandikwa kwa furaha. Kina, hata hivyo, kimepanda hadi asilimia 14.

Hatua ya nne: linganisha miaka. Rekebisha bei kwanza. Chakula ni takriban asilimia 68 ya mstari wa mahitaji ya msingi wa 2017/18, kwa hiyo unga na maharage vikipanda bei kuliko bidhaa nyingine, mfumuko wa bei wa jumla utaficha ugumu alioupata maskini. Kisha hakikisha kwamba maswali yaliulizwa kwa njia ile ile; jaribio lililofanyika hapa Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012, lilitumia aina nane za dodoso na kupata viwango tofauti vya umaskini kutokana na namna ya kuuliza peke yake.

Halafu gawanya kina kwa idadi. Kwa Tanzania Bara, mwaka 2011/12 maskini walikuwa asilimia 28.2 na kina kilikuwa 6.7, mwaka 2017/18 idadi ilikuwa 26.4 na kina 6.2. Vyote viwili vimeshuka, lakini mgawanyo wake ni takriban asilimia 24 katika mwaka wa kwanza na 23.5 katika wa pili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari yenye uzito zaidi: kina kilipungua kwa sababu maskini walipungua kwa uwiano, ilhali wastani wa umbali wa waliobaki kutoka kwenye mstari haukusogea sana.

Maswali ya washiriki

*Mshiriki kutoka Newala: Mwalimu, shikamoo. Je, kina kinaweza kutuonyesha fedha zinazohitajika kuwafikisha maskini wote kwenye mstari?*

Marahaba. Kwenye karatasi, ndiyo. Asilimia 6.2 ya shilingi 49,320 ni takriban shilingi 3,060 kwa mwezi kwa kila mtu mzima wa Tanzania Bara, awe maskini au la. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa sababu kinachukulia kwamba tunalijua pengo la kila kaya na kwamba kugawa fedha hakuna gharama. Waliofanya kazi ya kutambua kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, vijijini wanajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

*Mshiriki kutoka Nachingwea: Bei ya mbaazi iliporomoka mwaka 2017 baada ya India kuzuia uagizaji. Je, naweza kutafuta athari yake katika kata yangu?*

Si kwa takwimu za kitaifa, ndugu yangu. Kaya za sampuli zinazoangukia kata moja ni chache mno, na tofauti ya pointi mbili inaweza kuwa bahati tu. Itabidi mfanye utafiti wenu mdogo na kurudi kwenye kaya zile zile.

*Mshiriki kutoka Kilwa: Maskini akimsaidia aliye maskini zaidi yake, kina hubadilika?*

Hakibadiliki. Katika mfano wetu wa kwanza, yule wa 40,000 akimpa yule wa 20,000 shilingi 5,000, jumla ya mapengo inabaki ile ile. Ndiyo sababu wanauchumi Foster, Greer na Thorbecke, mwaka 1984, waliweka pia kipimo cha ukali wa umaskini, ambapo kila pengo huzidishwa kwa lenyewe kabla ya kujumlishwa. Kabla ya msaada huo ukali ni 0.057, baada yake ni 0.051.