Somo: Kuyapa maandishi ya bango sura ya herufi za mbao zilizochakaa

Uchakavu unaopendeza kwenye bango la kizamani una chanzo chake, na ukikijua hutamwaga mikwaruzo ovyo. Tangu Darius Wells aanze kutengeneza herufi za mbao kwa wingi jijini New York mwaka 1827, wachapaji wa Marekani walizipaka wino na kuzigandamiza kwenye karatasi, miaka nenda rudi. Kingo ziligongwa zikabonyea. Uso mpana haukushika wino sawasawa, ukaacha vitundu vyeupe. Basi weka uchakavu kwenye kingo na katikati ya mistari minene. Mistari myembamba iache.

Hatua 1. Pakua fonti nene ya asili hiyo, isiyo na mikwaruzo. Rye inafaa sana, na ni ya bure kwenye Google Fonts.

Hatua 2. Fungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ukurasa wa A3: pikseli 3508 kwa 4961. Andika neno lako kubwa.

Hatua 3. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Chovya rola ndogo ya sponji kwenye rangi nyeusi kidogo tu, uiviringishe juu ya karatasi nyeupe mpaka ikaribie kukauka. Rola inayokaukiwa ndiyo inayoacha vitundu tunavyovitafuta. Tengeneza karatasi kadhaa, nyingine nzito, nyingine hafifu. Zipige picha mchana, kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi.

Hatua 4. Fungua picha, nenda Colors, kisha Threshold, mpaka zibaki nyeusi na nyeupe tupu. Malizia na Invert ili vitundu viwe vyeusi, maana kwenye maski (pazia linaloamua sehemu gani ya maandishi ionekane) rangi nyeusi ndiyo inayoficha.

Hatua 5. Iongezee leya (tabaka) ya maandishi maski nyeupe, bandika picha humo, ipanue ifunike neno lote. Doa likila herufi hadi isisomeke, rudisha kwa brashi nyeupe. Kagua ukiwa umesimama mbali. Bango halisomwi kwa kuinamiwa.

Maswali ya wanachama

*Kaka, si kuna fonti zenye mikwaruzo tayari?*
Zipo. Sasa andika BARAZA: A zote tatu zitakuwa na kovu lilelile, mahali palepale. Mchapaji alipanga vipande vitatu tofauti, kila kimoja na alama zake, na jicho linaiona tofauti hiyo hata kama mtazamaji hawezi kuieleza. Fonti yenye maumbo mbadala ya kila herufi inafaa, mradi programu yako iyawashe.

*Nataka stika ya gari, nikate kwa plota, ile mashine ya kukata stika.*
Utateseka kubandua chembe moja moja. Geuza picha iwe mistari ya kukatwa kwa Trace Bitmap ya Inkscape, programu ya kuchora, ondoa chembe ndogo zote, bakiza makovu makubwa tu.

*Na fulana za kuchapa kwa skrini?*
Vitundu vidogo sana huzibwa na wino. Vipanue kwanza, kisha chapa kitambaa cha majaribio kabla ya fulana za mteja.

*Kazi ya kulipwa inaruhusiwa?*
Kwa Rye, ndiyo. Fonti nyingine soma leseni yake kabla ya kupokea malipo ya awali.