Somo: Kuchagua kisiwa cha likizo ukitokea Dodoma

Mara ya kwanza kuipeleka familia baharini tulifika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, usiku. Asubuhi, kama saa nne hivi, mwanangu wa pili akafungua mlango wa kibarazani ameshavaa kaptula ya kuogelea, akasimama pale pale. "Baba, bahari wameipeleka wapi?" Mbele yetu kulikuwa na mchanga mbichi, vidimbwi, ngalawa tatu zimelalia ubavu, na kina mama waliojifunga kanga wameinama wakifunga mwani kwenye kamba, mstari kwa mstari, kama watu wanaopalilia mtama. Maji yenyewe yalikuwa uzi mweupe kule kwenye mwamba. Tuliyasikia zaidi ya kuyaona. Picha niliyotumiwa na mwenye nyumba ya wageni ilikuwa na maji ya bluu mpaka kwenye ngazi. Hakunidanganya. Aliipiga saa kumi jioni.

Sisi wa Dodoma tumezoea bwawa la Hombolo, ambalo maji yake hupungua kwa miezi. Ya bahari hupungua kwa saa sita. Tangu siku ile, kila mtu ofisini anayeniuliza aende kisiwa gani, naanza kumuuliza anakwenda tarehe ngapi. Jina la kisiwa linakuja baadaye.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kuhesabu hela

Treni ya mwendokasi ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024 ilibadilisha hesabu zetu zote. Zamani ulipanda basi, ukalala Dar kwa shemeji, asubuhi ndiyo unaitafuta bandari ukiwa umechoka. Sasa Dar ni saa nne hivi au pungufu, na kutoka stesheni hadi kwenye boti za Zanzibar ni mwendo mfupi wa bajaji. Boti yenyewe huchukua karibu saa mbili. Ukiondoka Dodoma na treni ya alfajiri, jioni unakula mishikaki Forodhani. Ila usipange treni na boti zikabane. Mimi huacha saa tatu katikati, na nikiwa na watoto sizipunguzi hata kidogo.

Kwa Unguja, toa siku mbili za njiani. Kwa Pemba, au Mafia kwa njia ya barabara na boti, toa nne. Ukibaki na siku moja ya kuogelea, umejidhulumu. Mwenye siku tatu tu asivuke: akae Dar, aende Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi, au Bongoyo kutoka Msasani, arudi jioni. Ni visiwa vya hifadhi, vidogo, vina mchanga mweupe na kivuli cha makuti, na samaki wa kukaanga anakusubiri. Watu wa Dar wenyewe wanavidharau kwa sababu viko karibu.

Hatua ya 2: Angalia upepo, usiangalie mvua ya kwetu

Hapa watu wa kati tunakosea sana. Kwetu mvua ni moja, inaanza Desemba hivi na kuishia Aprili, kwa hiyo Aprili ikielekea ukingoni tunasema mvua imekwisha, twende. Pwani ndiyo kwanza masika imekolea. Wao wana mvua mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Aprili na Mei vyumba ni rahisi, na sababu utaijua ukifika.

Baada ya mvua kuna upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na hushika hasa Juni mpaka Agosti: hali ya hewa kavu, baridi kidogo, bahari inachafuka. Kaskazi huja kama Desemba hadi Machi, joto kali, jasho hata usiku. Wakati wa kusi, pwani ya mashariki ya Unguja (Paje, Bwejuu, Jambiani) inapigwa upepo usoni. Wanaoruka na matiara juu ya maji pale Paje hufurahi. Mama mwenye mtoto mchanga hafurahi. Wakati huo huo Kendwa, inayotazama magharibi, maji yake yanaweza kuwa yametulia kama ya kwenye beseni.

Hatua ya 3: Soma mwezi

Hii ndiyo hatua ambayo mawakala hawakuambii, na haihitaji programu yoyote kwenye simu. Inahitaji kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa dukani.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, inakuwa bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Tarehe 8 na 22 hivi ni maji mafu, hayapandi mno wala hayashuki mno.

Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na yamejaa kwenye saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo yanageuka: yanajaa kama saa nne asubuhi. Basi mtu anayetaka kuoga baharini asubuhi na watoto, upande wa mashariki, apange safari yake iangukie kwenye maji mafu. Mimi ile siku ya Jambiani nilikwenda katikati ya mwezi mpevu, saa nne kamili. Nilikuwa nimelipa kwenda kutazama matope.

Si kwamba kupwa ni kubaya. Maji yakitoka unaweza kutembea mpaka karibu na mwamba, ukaona viumbe vya kwenye vidimbwi na ukajifunza mwani unavyolimwa (omba ruhusa kabla ya kupiga picha, yale ni mashamba ya watu). Vaa viatu vya kufunga, kwa sababu wale wadudu weusi wa miiba hawana msamaha. Lakini kama lengo lako ni kuogelea muda wowote unaoamka, nenda kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayakimbii mbali.

Hatua ya 4: Sasa chagua kisiwa

Unguja ni ya kila mtu, na ndiyo maana ninaanza nayo. Mji Mkongwe uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Siku moja ya vichochoro inatosha kabla watoto hawajanuna. Kisiwa cha Changuu kina kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Msitu wa Jozani una kima punju. Daladala namba 116 inakwenda Nungwi, 309 Jambiani, kwa hela ya kawaida kabisa, wakati teksi ya bandarini itakutajia bei utadhani umeagiza gari zima.

Pemba si Unguja ndogo. Ni vilima, mikarafuu, mikoko, na fukwe za mchanga ni chache. Ukienda kwa ajili ya kulala mchangani utarudi na kinyongo. Ukienda kuzamia, kuona matumbawe ya Misali, au kuwatazama wale popo wakubwa wasiopatikana kwingine duniani ila Pemba, hutataka kurudi ofisini Mtumba.

Mafia ni ya papa potwe. Ni samaki mkubwa kuliko wote, anaweza kupita mita kumi, na chakula chake ni vijidudu vya majini na visamaki vidogo. Binadamu hamshughulishi kabisa. Huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Ukienda Julai kumtafuta umekosea nyumba. Kwa ndege kutoka Dar ni chini ya saa moja. Kwa njia ya chini unapita Mbagala hadi Nyamisati wilayani Kibiti, ndipo upande boti, na hapo siku inakwisha.

Kilwa Kisiwani nimeiweka mwisho ingawa mimi ndiyo naipenda zaidi. Magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, ni urithi wa dunia tangu 1981, na Ibn Battuta alifika mji ule mwaka 1331 ukiwa na utajiri wa dhahabu. Unavuka kwa jahazi dogo kutoka Kilwa Masoko. Vijana wataboreka. Mwalimu wa historia atalia.

Hatua ya 5: Kabla hujatuma hela

Uliza bei ya Mtanzania. Usiulize "bei gani", uliza "Mtanzania analipa ngapi", kwa sababu bei za dola ni za wageni na wengi wanayo nyingine kama utaitaja. Halafu mpigie mwenye nyumba simu ya video, atoke nayo mpaka ufukweni. Mwombe afanye hivyo siku ya bamvua saa nne asubuhi. Utaona ufukwe ukiwa katika hali yake mbaya kuliko zote, na kama bado unakupendeza, lipa. Mwenzetu mmoja alituma malipo ya awali ya nyumba yenye bwawa. Alipofika alikuta nyumba ipo, bwawa ni shimo la msingi. Simu ya dakika mbili ingemwokoa.

Beba kitambulisho cha NIDA, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Pale bandarini Malindi kuna dawati la uhamiaji, hata kwa sisi wa bara.

Maswali ya wasomaji

*Mama wa Area C:* Watoto wanafunga Juni na Desemba. Upi bora?

Juni, dada yangu. Mvua imekwisha, joto la wastani, ila chagua Kendwa au Nungwi kwa sababu ya kusi. Desemba ni joto, vuli inaweza kukugusa mwanzoni, na kuelekea mwaka mpya bei zinapanda mno. Kama ni lazima Desemba, nenda mara tu shule zikifungwa, urudi kabla ya Krismasi.

*Mwalimu wa Mpwapwa:* Mimi sijawahi kupanda chombo cha majini. Nasikia watu wanatapika.

Wanatapika, mwalimu, sikufichi. Kaa chini, katikati au nyuma ya boti, si mbele. Kula kitu kikavu saa moja kabla, usile chipsi za bandarini. Dawa za kichefuchefu zipo famasi. Meza kabla ya kupanda, maana ukishaanza kujisikia vibaya umechelewa. Tazama upeo wa bahari, simu iache mfukoni. Wakati wa kusi, kurudi Dar hutikisa zaidi ya kwenda, kwa kuwa chombo kinaukabili upepo. Sasa wewe ukienda Februari huenda ukalala usingizi njia nzima ukashangaa ulichokuwa unaogopa.

*Mzaliwa wa Tanga, ninaishi Nzuguni:* Kaka, umesema vizuri, ila bamvua yenyewe hukolea siku moja mbili baada ya tarehe 1 na 15, si siku ile ile. Na kati ya kusi na kaskazi kuna tanga mbili, upepo haujaamua uende wapi. Hapo bahari huwa imetulia kuliko wakati wowote.

Ahsante, masahihisho yako nayapokea. Wenye kupanga wasogeze siku mbili kama alivyosema. Na Oktoba, kabla vuli haijashika, ndiyo siri ambayo nilikuwa sitaki kuitoa.

*Bwana harusi mtarajiwa, Chamwino:* Mchumba wangu anataka Maldivi. Nimwambie nini?

Mwambie viza ya Maldivi hutolewa ukifika, bila malipo, kwa hiyo kikwazo si karatasi, ni nauli na chakula. Kule visiwa vya hoteli vimejitenga: ukishafika, kila soda unainunua kwa mwenye kisiwa. Morisi nako Mtanzania haombi viza. Shelisheli unaomba kibali mtandaoni. Kwa kokote, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkobani. Lakini kabla ya yote muulize bibi harusi anataka bahari au anataka picha. Kama ni bahari, Mafia mwezi wa Novemba, usiku tatu, chenji inabaki ya kununua friji.

*Mstaafu wa Kondoa:* Mbona umesahau ziwa? Basi la Mwanza linapita hapa hapa Dodoma.

Shikamoo mzee. Sikusahau, niliogopa kurefusha. Saanane ni dakika chache kwa boti kutoka Mwanza mjini, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, inafaa kwa nusu siku. Ukerewe unavuka kwa meli hadi Nansio, saa tatu hivi. Ni kisiwa cha watu hasa, mashamba, samaki na majabali. Rubondo ni kwa wenye uwezo: msitu, sokwe walioletwa miaka ya 1960, na utulivu. Jambo moja tu: Ziwa Victoria lina kichocho, kwa hiyo kuoga mwambao ambako maji yamesimama na kuna magugu, hapana. Ukipenda kutazama maji bila kuyaingia, ziwa linakutosha, na halikupwi.

*Dada wa Makulu:* Tukiangukia Ramadhani huko Zanzibar?

Mnakaribishwa, lakini mjini migahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa barabarani ni kukosa adabu. Hoteli za ufukweni hupika kama kawaida. Mabega na magoti yafunikwe popote nje ya ufukwe, hilo ni la mwaka mzima. Jioni baada ya futari Mji Mkongwe unachangamka kuliko mwezi mwingine wowote. Mkumbuke tu kwamba Ramadhani inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo msitumie tarehe za mwaka jana.

*Mama wa Area C tena:* Nimeangalia kalenda ya dukani. Tarehe nilizokuwa nimeshika zinaangukia tarehe 15.

Za chumba umeshalipa? Kama bado, sogeza wiki moja. Kama umeshalipa, watoto wacheze mpira mchangani asubuhi, waogelee saa kumi.