Skrubu za kompyuta: tazama meno kwanza

Ukinunua keisi (kasha la kompyuta) iliyotumika pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, huenda ukapewa skrubu zote kwenye kimfuko kimoja. Zitenganishe. Zenye meno mapana (6-32) ni za pawasapulai (kisanduku cha umeme) na diski ya inchi 3.5, zenye meno ya karibukaribu (M3) ni za diski ya SSD ya inchi 2.5. Ile ndogo kabisa, M2, hushika SSD ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta).

Vinguzo vya shaba vinavyobeba mazabodi ndivyo visumbufu: vipo vya 6-32 na vya M3. Jaribu kwa vidole. Skrubu sahihi huingia mizunguko miwili mitatu bila bisibisi. Ikigoma, itoe, shaba ni laini, meno yakiliwa kinguzo kitazunguka pamoja na skrubu siku ya kufungua. Na kinguzo kisicholingana na tundu la mazabodi king'oe, kisije kikapiga shoti.