Kujitolea Kwenye Shamba la Kilimo Hai Nje ya Nchi: Tiketi Iwe ya Mwisho

Wengi huanza kwa kukata tiketi, kisha ndipo watafute shamba, na viza hukumbukwa siku zikiwa zimekwisha. Geuza mpangilio huo. Anza na viza, kisha tafuta mwenyeji, yaani mwenye shamba atakayekupokea, tiketi ije mwisho.

Makubaliano ya kawaida ni haya: unafanya kazi shambani saa nne hadi sita kwa siku, siku tano au sita kwa wiki, na mwenyeji anakupa malazi na chakula. Hakuna anayemlipa mwenzake. Mtandao unaojulikana zaidi ni WWOOF, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1971 na Sue Coppard, aliyetaka watu wa mjini wapate kwenda mashambani mwishoni mwa wiki. Siku hizi nchi nyingi zina chama chao, na kwa kawaida uanachama wa nchi moja haukufungulii mashamba ya nchi nyingine. Kwa hiyo amua nchi kabla ya kulipa ada. Vyama vingi hukuruhusu kusoma maelezo ya mashamba bila kulipa. Kinachofichwa ni mawasiliano tu.

Sasa viza, ambayo ndiyo huangusha mipango mingi. Neno "kujitolea" halina uzito wowote mbele ya afisa uhamiaji. Anachoangalia ni kama unapata kitu kwa jasho lako, na katika nchi kadhaa chumba na chakula huhesabiwa kuwa malipo. New Zealand, kwa mfano, huchukulia kazi ya namna hii kuwa ajira, hivyo viza ya mgeni haitoshi. Uingereza humruhusu mgeni kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Shamba la familia haliingii hapo. Katika nchi za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja), mwenye viza ya muda mfupi hupata siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Lakini hizo ni siku za kukaa. Ruhusa ya kufanya kazi huamuliwa na sheria ya kila nchi. Soma tovuti ya uhamiaji ya nchi yenyewe, kisha uandikie ubalozi barua pepe yenye swali moja lililo wazi: "Nitafanya kazi shambani saa 25 kwa wiki kwa malazi na chakula, bila mshahara. Nahitaji viza gani?" Jibu lao lichapishe, usafiri nalo. Mwenyeji akikushauri useme mpakani kwamba umekuja kutalii tu, tafuta mwingine. Atakayerudishwa ni wewe.

Viza ikieleweka, tazama msimu. Shamba halina kazi ile ile mwaka mzima. Kusini mwa Ulaya zabibu huvunwa zaidi Septemba na Oktoba, zeituni Oktoba na Novemba, na Januari huenda ukakuta kupogoa miti na kupasua kuni. Kusini mwa ikweta majira hayo hupinduka. Wenyeji hujaza nafasi za mavuno mapema, kwa hiyo waandikie miezi miwili au mitatu kabla. Ujumbe uwe mfupi: tarehe zako, unachoweza kufanya, usichoweza, na sababu ya kuchagua shamba hilo hasa. Ujumbe mmoja unaotumwa kwa mashamba ishirini hujulikana kwa mstari wa kwanza tu, na wengi hawaujibu.

Mwenyeji akikubali, usishangilie bado. Ugomvi mwingi shambani hauletwi na jembe. Huletwa na mambo yaliyoachwa bila kusemwa. Uliza kwa maandishi: saa ngapi kwa siku, na je, kuosha vyombo na kulisha kuku jioni ni sehemu ya saa hizo? Siku ya mapumziko ni ipi? Nitalala chumbani, kwenye karavani au kwenye hema, na usiku kuna joto? Milo yote mitatu ipo, au nitapika mwenyewe? Kituo cha basi kiko umbali gani? Soma pia maoni ya waliotangulia, hasa yale ya upole kupita kiasi: "kazi ni nyingi lakini watu ni wema" mara nyingi humaanisha saa tisa kwa siku. Kwa mara ya kwanza ahidi wiki mbili tu, kisha muda uongezwe mkipatana.

Bima ya kawaida ya safari huweza kukataa ajali ya kazini, hasa ikihusu mashine. Tafuta iliyoandika wazi kwamba kazi ya mikono inalindwa, na hata ukiwa nayo, usishike msumeno wa injini wala usukani wa trekta kama hukufundishwa. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapita miaka 10. Udongo na samadi ndiko vijidudu vyake vinakokaa. Penye nyasi ndefu, jikague kupe kila jioni nyuma ya magoti, kwapani na kinenani. Mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Mzigo uwe mdogo: buti ulizokwisha kuzivaa nyumbani (mpya zitakuchubua siku ya kwanza), suruali mbili nzito, koti la mvua, kofia, glavu za ngozi na tochi ya kichwani. Gambuti uliza kwanza, maana mashamba mengi huwa nazo, ila mwenye mguu mkubwa asitegemee.

Weka pembeni fedha za nauli ya kurudi na za kulala kwingine angalau usiku tatu. Mambo yakiharibika, zungumza na mwenyeji siku hiyo hiyo. Yasiporekebishika, ondoka na uripoti kwa chama. Ukihamia nchi nyingine, sugua buti mpaka udongo wote utoke kwenye nyufa za soli. Australia na New Zealand hukagua viatu mpakani, na lazima utaje kwenye fomu kwamba umetoka shambani. Kuficha hutozwa faini papo hapo.