Namna ya Kuandika Maelezo ya Spishi Mpya ya Nzi wa Matunda: Mwongozo kwa Watafiti wa Malindi na Lamu

Mwaka 2003 watafiti walimnasa katika pwani ya Kenya nzi wa matunda ambaye alikuwa hajawahi kurekodiwa barani Afrika. Mwaka 2005 nzi huyo alielezwa kuwa spishi mpya na kupewa jina la Bactrocera invadens, na kwa miaka kumi hilo ndilo jina lililotumiwa katika ripoti, katika sheria za kusafirisha maembe na katika mafunzo ya wakulima. Mwaka 2015, baada ya wataalamu wa nchi nyingi kulinganisha maumbile, vinasaba, kemikali za mwilini na tabia ya kupandana ya nzi wa Afrika na wa Asia, ilibainika kwamba alikuwa Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia ambaye alikwisha kuelezwa tangu mwaka 1912. Jina la invadens likabaki kuwa kisawe tu.

Kisa hiki ni cha kwetu, na yeyote anayefikiri kwamba amepata nzi mpya katika msitu wa Arabuko-Sokoke au katika mashamba ya maembe ya Mpeketoni anapaswa kukianzia. Waliotoa jina lile walikuwa mabingwa wa fani yao. Jina jipya ni dai kwamba kiumbe huyu ni tofauti na wote waliokwisha kujulikana, na dai hilo lazima liandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine, akiwa na nzi wengine mbele ya hadubini, ataweza kulipima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kulinganisha, na kuandika huja baadaye.

Nzi ninaowazungumzia ni wa familia ya Tephritidae, ambao wengi wao wana mabaka au mistari kwenye mabawa, na ambao jike hutoboa tunda kwa mrija wake na kutaga mayai ndani. Vile vinzi vidogo vya jikoni vinavyofuata ndizi zilizoiva kupita kiasi ni vya familia nyingine, Drosophilidae, na kanuni za kuvitambua ni tofauti.

Kupata vielelezo vinavyofaa

Mtego wenye chambo cha methili-eujenoli huvuta madume wa spishi kadhaa za Bactrocera, na chambo cha trimedlua huvuta madume wa baadhi ya spishi za Ceratitis. Mitego hiyo ni ya manufaa, lakini ina upungufu mkubwa kwa kazi hii: huleta madume peke yao, na haisemi lolote kuhusu tunda walilotoka. Mimi nashauri bila kusita kwamba anayetaka kueleza spishi mpya awalee nzi wake kutoka kwenye matunda.

Chuma matunda mtini au okota yaliyoanguka punde, uyahesabu na kuyapima uzito, kisha uyaweke kwenye chekecheke juu ya beseni lenye mchanga safi uliochomwa na kupoa, aina moja ya tunda kwa kila beseni, na ufunike kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kingoni. Mabuu yakikomaa yatatoka kwenye tunda na kujizika mchangani ili yageuke mabundo, yaani hatua iliyo kati ya buu na nzi kamili. Chekecha mchanga, uhamishe mabundo kwenye chupa yenye mchanga wenye unyevu kidogo, na usubiri nzi watoke.

Hapa ndipo wengi huharakisha. Nzi anapotoka kwenye bundo huwa laini, rangi zake hazijakolea na mabawa hayajanyooka sawasawa; akiuawa siku hiyo, atakauka akiwa amesinyaa na rangi zake zitampotosha kila atakayemtazama. Mpe maji na sukari kwa siku tatu au nne kabla ya kumuua kwa baridi ya friza. Baadhi yao wachomwe pini ndogo ubavuni mwa kifua, ili alama za upande mmoja wa mgongo zibaki salama, na wengine wahifadhiwe katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ndani ya friza, kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba.

Mmea nao ni sehemu ya ushahidi. Kata kitawi chenye majani, na maua au tunda ikiwezekana, ukikaushe na kukipeleka kwenye hifadhi ya mimea iliyoko Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ili jina la mti lithibitishwe. Andika pia jina ambalo wenyeji hulitumia, la Kiswahili, la Kigiriama au la Kisanye, pamoja na mahali ulipolisikia. Spishi nyingi za jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Dacus huishi katika matunda ya jamii ya matango au katika maganda ya mimea ya porini yenye utomvu, na nzi wa maembe Ceratitis cosyra huzaliana pia katika matunda ya mng'ongo. Mtafiti anayetazama mashamba pekee na kuyaacha mabungo na matunda mengine ya mwituni hupoteza sehemu yenye utajiri mkubwa kuliko zote.

Kila nzi awe na lebo yake yenye nchi, kaunti, mahali, vipimo vya latitudo na longitudo, tarehe, jina la mkusanyaji na mmea aliotoka. Katika Arabuko-Sokoke, taja na aina ya msitu, kwa sababu sehemu ya miti ya mrihi iliyo juu ya mchanga mweupe na sehemu nyingine iliyo juu ya udongo mwekundu hazifanani kwa mimea. Kuhusu vibali, usianze kazi bila leseni ya utafiti na idhini ya wanaosimamia msitu. Na kielelezo chochote kitakachovuka mpaka kinahitaji kibali chake.

Kulinganisha

Kwanza bainisha jenasi, kisha orodhesha spishi zote za karibu, hata zile zinazojulikana kutoka nchi za mbali tu, kwa maana nzi wa matunda husafiri ndani ya mizigo. Soma maelezo ya awali ya kila mojawapo. Halafu tafuta vielelezo vyenyewe, au picha zake nzuri, katika hifadhi za Makumbusho ya Taifa na za icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, jijini Nairobi, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yenye hazina kubwa ya nzi wa Afrika, na katika makumbusho ya historia ya asili ya London.

Pima na uchore kichwa na vinyweleo vyake vigumu, alama za mgongo wa kifua, mistari ya bawa, miguu ya dume, na kwa jike sindano ya kutagia, ambayo urefu wake na umbo la ncha yake hutenganisha spishi ambazo kwa nje hufanana kabisa. Usipime nzi mmoja. Pima wengi, wakubwa na wadogo, kutoka mahali na matunda tofauti, na uandike kipimo cha chini na cha juu. Nzi aliyeitwa invadens alikuwa na mgongo unaobadilika kutoka weusi hadi kahawia nyekundu, na jambo hilo linatosha kutufundisha kwamba tofauti ya rangi ikisimama peke yake haifai kuwa msingi wa jina.

Kwa upande mwingine, tofauti ndogo isiyobadilika ina uzito. Ceratitis rosa, aliyeelezwa mwaka 1887, alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa spishi moja, mpaka mwaka 2016 sehemu ya nzi hao ilipotengwa na kuitwa Ceratitis quilicii. Umbo la mguu wa kati wa dume lilikuwa miongoni mwa alama zilizotumika, na liliungwa mkono na ushahidi wa vinasaba.

Vinasaba vyenyewe visitegemewe kupita kiasi. Kipande cha jeni iitwayo COI chenye herufi 658 za DNA, kinachotumika sana kutambua wadudu, hakiwatenganishi kwa uhakika jamaa wote wa B. dorsalis wala wale wa C. rosa. Kitumie, lakini kiambatane na jeni nyingine na maumbile.

Kuandika

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinadai mambo machache bila msamaha. Jina litamkwe wazi kuwa ni jipya, kwa kawaida kwa alama ya “sp. nov.”, yaani spishi mpya. Kielelezo kinachobeba jina kiteuliwe, kwa kawaida nzi mmoja anayeitwa holotaipu, na hifadhi atakamowekwa itajwe. Yaandikwe maneno yanayoitofautisha spishi hiyo na nyingine. Jarida likiwa la kielektroniki pekee, andiko lisajiliwe ZooBank, yaani daftari rasmi la majina ya wanyama mtandaoni, kabla ya kuchapishwa, na ushahidi wa usajili huo uonekane ndani yake.

Aya ya utofautisho ndiyo moyo wa andiko. Kuandika kwamba “ni nzi wa kahawia mwenye mistari mabawani” hakumsaidii mtu yeyote. Andika kwa mfano huu: “Dume hufanana na spishi fulani, lakini mstari wa katikati ya bawa haufiki ukingoni, na mguu wa kati hauna manyoya, jike hutambulikana kwa ncha ya sindano iliyogawanyika.” Itaje kila spishi ya karibu kwa jina lake na useme alama inayoitenga. Maelezo marefu ya mwili yafuate baadaye, kuanzia kichwa hadi tumbo, kwa mpangilio uleule uliotumiwa na waliotangulia katika jenasi hiyo.

Katika kuchagua jina, hakikisha halijatumika ndani ya jenasi. Jina la mahali huchukua -ensis, kama gedensis au lamuensis. Jina la mwanamume kwa kawaida huchukua -i na la mwanamke -ae. Kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya jenasi: Dacus ni ya kiume, Bactrocera na Ceratitis ni za kike. Mtu hajipi jina lake mwenyewe.

Kanuni hazilazimishi maelezo yaandikwe kwa Kilatini wala Kiingereza, ila zinapendekeza lugha inayosomwa na wengi. Naona ni haki kuongeza muhtasari wa Kiswahili wenye aya ya utofautisho yote, ili bwana shamba wa Mambrui au Hindi aweze kumtambua nzi huyo akimwona. Holotaipu abaki Nairobi, na vielelezo vingine vya kundi hilohilo vigawanywe katika hifadhi mbili au tatu, kila kimoja na lebo yake, ili moto au unyevu wa mahali pamoja usivimalize vyote.