Usipake gamba la kobe mafuta: mlishe, mwanike, mnyweshe

Wenye kobe huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nimpake mafuta gani ili gamba ling'ae? Ya nazi, ya alizeti, au yale ya mgando? Jibu langu ni kwamba usipake chochote. Mafuta hayafiki kwenye mfupa. Yanachofanya ni kukamata vumbi tu, na vumbi likichanganyika na unyevu linakuwa makao ya vijidudu. Rangi ya kucha na vanishi ndizo mbaya zaidi, na ninawasihi wazazi wasiwaache watoto wamchore kobe namba wala jina mgongoni.

Gamba ni mfupa ulio hai. Uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo, ndiyo maana kobe hawezi kutoka ndani yake. Vile vipande vyenye mistari unavyoviona juu ni vya asili moja na kucha zetu, na chini yake kuna damu na mishipa ya fahamu. Ukimgusa gamba anasikia.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Tanga. Kobe ninayemtunza nyumbani, Mwinyi, ni wa ile jamii yenye madoa meusi juu ya manjano, inayopatikana sana nyikani Afrika Mashariki. Alinifikia akiwa na tundu ukingoni mwa gamba, nyuma, upande wa mguu wa kulia. Lilitobolewa ili ipitishwe kamba, afungwe mtini. Kidonda kimepona lakini tundu halijaziba, na ukipitisha kidole utauhisi mfupa pale ulipomeguka. Usimtoboe kobe. Ukitaka asipotee, mjengee uzio wa matofali au mbao, uzame kidogo ardhini asichimbe chini yake, tena uwe umezibwa asione nje. Akiona upande wa pili atausukuma kutwa nzima mpaka ajichubue.

Jambo la kibali lazima nilitaje. Kobe ni mnyamapori. Tanzania Bara anasimamiwa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya wa kuwaendea ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Usimwokote porini ukamleta nyumbani kwa sababu umempenda. Na kama huyo uliyenaye huna karatasi yake, nenda TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ukaulize kabla hujaulizwa wewe.

Sasa chakula, maana gamba linajengwa kutokea tumboni. Sehemu kubwa ya mlo wa kobe huyu wa madoa iwe nyasi: ukoka, na majani mengine ya uwanjani ambayo hayajapigwa dawa. Nyongeza ziwe majani na maua ya hibiskasi, majani ya mforosadi, na mpungate. Mpungate ukwangue miba kwanza, kisha uukate vipande. Mwinyi huacha kila kitu akiuona. Mchicha mpe siku mojamoja tu, kwa kuwa una asidi inayoshika kalisi, madini yanayojenga mifupa na gamba, tumboni isimfikie. Matunda yawe machache sana. Ugali, wali, mkate, maziwa, nyama na chakula cha mbwa visimkaribie kabisa. Nimeona kobe waliolelewa kwa makombo ya ugali miaka na miaka: wanene, magamba yamepinda, miguu haibebi mwili.

Kalisi ni rahisi kupata, hasa kwetu pwani. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, jamaa ya ngisi, unaosukumwa na maji ufukweni, uokote, uloweke maji baridi siku kadhaa kutoa chumvi, uanike, kisha umwekee bandani. Atautafuna mwenyewe anapouhitaji, na jike anayekaribia kutaga utaona anaumaliza upesi. Wa bara wachemshe maganda ya mayai, wayasage unga laini na kunyunyiza kidogo kwenye majani.

Lakini kalisi bila jua haina kazi. Mwili wa kobe unatengeneza vitamini D kwa mionzi ya jua inayompiga moja kwa moja, na mionzi hiyo haipiti kwenye kioo. Kobe anayekaa barazani nyuma ya dirisha linalong'aa anapata joto tu. Mtoe nje asubuhi na alasiri, na siku zote awe na kivuli cha kukimbilia, kwa sababu jua la saa saba mchana linaweza kumuua ndani ya muda mfupi akikosa pa kujificha. Anayekosa jua na kalisi gamba lake linalegea. Bonyeza taratibu kwa dole gumba: kwa kobe aliyekwisha kukomaa, gamba likibonyea ni ugonjwa. Vitoto vya miezi ya kwanza huwa na gamba laini kidogo, hao usiwatie hesabuni.

Vitoto vina shida yao nyingine, vinundu. Kila kipande cha gamba kinainuka kama kichuguu, na kikishainuka hakirudi chini. Zamani lawama yote iliangukia chakula chenye protini nyingi. Watafiti wa Vienna walichapisha mwaka 2003 matokeo ya majaribio yao kwa vitoto vya kobe wa Afrika wanaokua wakubwa sana, wakaonyesha kwamba ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi. Kwa hiyo mpe kitoto kijumba chenye makumbi ya nazi yaliyonyunyiziwa maji, yawe na unyevunyevu bila kuchuruzika. Kila siku muweke kwenye beseni la maji vuguvugu dakika 15 hadi 20, maji yasipite kidevu chake. Mkubwa mara moja au mbili kwa wiki inamtosha, pamoja na sahani pana ya maji ya kunywa. Ndani ya beseni atakojoa uji mweupe, usishtuke. Ukiwa laini ni salama. Ukiwa na chengachenga za mchanga, hanywi maji ya kutosha.

Sakafu ya banda iwe kavu. Gamba la tumbo likilala juu ya tope na mkojo linaoza. Mgeuze polepole kila wiki umkague, kisha mrudishe miguu chini mara moja. Tafuta harufu mbaya, sehemu laini, majimaji, au wekundu chini ya vipande. Ukiona doa dogo, sugua kwa mswaki laini na aiodini iliyozimuliwa ikafanana na chai ya rangi, mkaushe, mhamishie pakavu. Doa likiongezeka, au likifika kwenye mfupa, mlete kwa daktari.

Akiumwa na mbwa au kukanyagwa na gari, osha ufa kwa maji safi yenye chumvi kidogo, funika kwa shashi safi nzi wasitage funza, na uwahi. Usizibe kwa gundi. Gundi inafungia uchafu ndani, na usaha unakula mfupa huku juu panaonekana pamepona.

Kupe wanapenda pale ngozi inapokutana na gamba, kwapani na nyuma ya miguu. Wang'oe kwa kibanio, mmoja mmoja, kisha unawe mikono kwa sabuni, kwani kobe hubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha watu, hata akiwa mzima. Usimtafutie kupe sindano. Hapa naomba unisikilize vizuri: ivermektini, ile wanayochomwa ng'ombe na mbuzi kwa minyoo na kupe, ni sumu kwa kobe. Inampooza na kumuua. Mganga wa mifugo asiyezoea kobe anaweza kuichukua kabatini kwa nia njema kabisa, hivyo ukimfikisha kliniki liseme hilo kabla hata hajapimwa uzito.