Umeumia kazini? Jinsi ya kuomba fidia ya WIBA Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Mkata miwa aliyejikata mguu kwa panga Muhoroni, mfungaji maua aliyenaswa kidole na mashine Naivasha, kibarua aliyeanguka kutoka ghorofani kwenye mjengo wa Mamboleo: wote wanalindwa na sheria moja, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huijua kwa jina la WIBA. Sheria hii haimtaki aliyeumia athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Inataka ionekane kwamba ulikuwa kazini, uliumia, na jeraha limetokana na kazi hiyo.

Hata hivyo wengi hawalipwi. Ninaratibu mradi wa haki za wafanyakazi katika ukanda huu, na nimeona kwamba madai yanayokufa hufa mapema, katika juma la kwanza, kabla afisa yeyote wa serikali hajayaona. Ajali haikuandikwa popote. Aliyeumia aliambiwa "pona kwanza, tutaongea," akaenda kujiuguza nyumbani kwao, na aliporudi alikuta nyapara mwingine ambaye hajui habari zake. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye siku za mwanzo, maana hapo ndipo fidia hupatikana au hupotea.

Nani anaweza kuomba

Usijitoe mwenyewe kwa kuwa ni kibarua. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na anayelipwa kwa siku, kwa juma au kwa kipande ni mfanyakazi sawa na mwenye barua ya ajira. Mwanagenzi pia yumo. Mwajiri kutokuwa na bima hakumwondolei deni: sheria inamlazimisha kuwa nayo, na asipokuwa nayo atalipa kutoka mfukoni mwake.

Safari nayo ni jambo la kuangalia. Ukisafirishwa kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotolewa na mwajiri, iwe ni basi la shamba la maua au trekta la kubeba wakata miwa, sheria inahesabu kwamba ulikuwa kazini. Watu wengi walioumia kwenye mabasi ya alfajiri hawajui hili, na huishia kufuatilia bima ya gari peke yake.

Je, kama ulikosea wewe? Makosa ya kawaida hayakunyimi fidia. Anayenyimwa ni yule aliyeumia kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huyo, jeraha likiwa kubwa la kulemaza au likisababisha kifo, kizuizi hicho hakitumiki.

Siku ya ajali

Mwarifu mwajiri siku hiyohiyo. Taarifa ya mdomo inakubalika kisheria, lakini neno la mdomo hukanwa kwa urahisi, kwa hiyo iandike pia. Kama mkono umeumia, mwenzako akuandikie. Ujumbe wa simu kwa msimamizi unafaa, kwa sababu una tarehe na saa. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mimi (jina, namba ya kitambulisho) ninayefanya kazi ya (kazi) katika (mahali), niliumia (sehemu ya mwili) tarehe (siku) saa (saa) nilipokuwa (ulichokuwa ukifanya). Walioona ni (majina). Nimemwarifu (jina la msimamizi). Naomba ajali hii iingizwe kwenye rejista na iripotiwe kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini."

Kurugenzi hiyo ni ofisi ya serikali inayopokea madai haya na kukokotoa fidia. Chukua nakala. Majina ya walioona yaandike mapema, pamoja na namba zao za simu, kwa sababu vibarua huhama. Anayekata miwa Chemelil mwezi huu anaweza kuwa Ahero kwenye mpunga mwezi ujao.

Ukifika hospitali, mweleze daktari waziwazi kwamba umeumia kazini, na uhakikishe neno hilo limeandikwa kwenye karatasi ya matibabu. Nimeona karatasi zimeandikwa "ameanguka" tu, na mwajiri akadai baadaye kwamba mtu aliangukia nyumbani kwake. Hifadhi kila kitu: karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, picha ya eksirei, risiti za dawa, hata nauli ya kwenda kliniki. Gharama za matibabu zinazostahili, dawa, usafiri wa kwenda kutibiwa na viungo bandia ni mzigo wa mwajiri. Ukitumia SHA, bima ya afya ya serikali, kuingia hospitalini, bado fedha ulizotoa mfukoni unaweza kuzidai.

Ikiwa ni ajali ya barabarani, pata pia ripoti ya polisi.

Siku 7 za mwajiri

Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Fomu yake inaitwa DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri: jina lako, kazi, mshahara, namna ajali ilivyotokea. Sehemu ya pili ni ya daktari. Akifa mtu, taarifa inatakiwa ifike ndani ya saa 24.

Omba kuiona sehemu ya kwanza kabla haijaenda kwa daktari. Soma hasa mstari wa mshahara. Hesabu yote ya fidia inaanzia hapo, na tarakimu ikiandikwa chini kuliko unavyolipwa, utapunjwa kwa uwiano huohuo hadi mwisho. Hati ya malipo, taarifa ya NSSF au orodha ya malipo ya M-Pesa vitakusaidia kuonyesha kipato chako cha kweli.

Mwajiri akikataa kujaza fomu, au akizungusha, usimngoje. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini iliyo karibu nawe. Zipo Kisumu na Nakuru, na makao makuu yako Safety House, barabara ya Commercial, Nairobi. Beba kitambulisho, nakala ya taarifa uliyompa mwajiri, karatasi za hospitali, ushahidi wa mshahara na majina ya mashahidi. Mweleze afisa kwamba mwajiri hajaripoti. Kutoripoti ni kosa kisheria, na afisa ana mamlaka ya kumwandikia na kufika mahali pa kazi. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, mpitie mwakilishi wako kwanza: KPAWU ya wafanyakazi wa mashamba ina makao yake Nakuru, na KUSPAW ya wafanyakazi wa miwa ina makao Kisumu. Wanazijua fomu hizi na wanawajua maafisa. Huhitaji wakili kufungua dai.

Kikomo kikubwa ni miezi 12. Dai linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na kwa kifo, miezi 12 tangu siku ya kifo. Familia zilizofiwa hupoteza muda mwingi katika matanga na mipango ya mazishi, kisha katika mvutano wa nani ni mrithi. Ripotini kwanza. Mabishano ya nani ni tegemezi yanaweza kuendelea huku dai likiwa tayari limesajiliwa.

Daktari na asilimia

Matibabu yakifika mahali ambapo hali haibadiliki tena, daktari hujaza sehemu ya pili na kuandika kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia, akifuata jedwali la kwanza la sheria. Kupoteza macho yote mawili, kwa mfano, ni asilimia 100. Usiharakishe hatua hii kwa sababu ya njaa ya pesa. Mfupa ambao haujaunga vizuri unaweza kupewa asilimia isiyolingana na ulemavu utakaobaki nao. Lakini pia usipitishe ile miezi 12 ukingoja kupona kabisa: dai liingie, tathmini ifuate.

Kwa kipindi usichoweza kufanya kazi kabisa, ukilazimika kukaa nje siku 3 au zaidi, unastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12. Sehemu hii husahauliwa sana. Watu hukaa miezi mitatu bila hata shilingi, wakidhani fidia ni ile ya mwisho peke yake.

Hesabu inavyokwenda

Kwa ulemavu wa kudumu, mapato ya mwezi huzidishwa kwa miezi 96, kisha kwa asilimia ya daktari. Chukua mfanyakazi wa shilingi 18,000 kwa mwezi aliyepewa asilimia 10. Mara 96 ni 1,728,000, na asilimia 10 ya hizo ni shilingi 172,800. Kama mwajiri angeandika mshahara wake kuwa 12,000, angepata 115,200. Tofauti ya shilingi 57,600 imetokana na mstari mmoja kwenye fomu.

Kwa kifo, wategemezi hudai mapato ya miezi 96, na mwajiri hugharamia mazishi kwa kiasi kinachofaa.

Kurugenzi ikishakokotoa, humtumia mwajiri au kampuni yake ya bima dai kwa fomu ya DOSH/WIBA 4. Wana siku 90 za kulipa. Pesa zikifika kwa Mkurugenzi, ana siku 30 za kukukabidhi. Andika tarehe ya fomu hiyo kwenye kalenda na urudi ofisini siku 90 zikipita.

Katikati ya kungoja huku ndipo mtu hutokea na bahasha. Anasema kampuni inakuonea huruma, chukua elfu ishirini, tia sahihi hapa kwamba umelipwa yote. Usitie. Makubaliano ya kuacha haki yako chini ya sheria hii ni batili, lakini karatasi hiyo itatumika kukuchelewesha na kukuchosha. Ukipewa msaada wa chakula au nauli, upokee kama msaada, na karatasi iseme hivyo. Vilevile mwajiri haruhusiwi kukukata mshahara ili alipie bima au fidia hii. Na akikufuta kwa sababu ulidai, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaita hiyo sababu isiyo ya haki. Mpelekee afisa wa kazi malalamiko hayo kando, bila kuacha dai la jeraha.

Usiporidhika

Ukiona asilimia au hesabu si sawa, andika pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60. Naye anatakiwa akujibu ndani ya siku 14. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Kisumu na Nakuru pia. Mwajiri asiyelipa kabisa baada ya tathmini naye hupelekwa mahakama hiyohiyo ili tathmini itambuliwe kama hukumu. Hapa sasa wakili anafaa.

Usikubali kushawishiwa kuanzia mahakamani. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba njia ya WIBA ni halali, na kwamba madai mapya ya majeraha ya kazini huanzia kwa Mkurugenzi. Wapo bado wanaozunguka wodi za hospitali wakiahidi kesi ya mamilioni na kuomba sehemu yao mapema. Utapoteza pesa, na miezi 12 itakuwa inaisha.

Magonjwa nayo yana nafasi. Anayenyunyizia dawa kwenye maua na kupata sumu mwilini, au anayepumua vumbi la kazi kwa miaka hadi mapafu yakadhoofu, anaweza kudai kama aliyeumia, ikiwa ugonjwa uko kwenye jedwali la pili au daktari anauhusisha na kazi. Siku inayohesabiwa ni ile daktari alipoutambua, kwa hiyo mwulize daktari moja kwa moja: hii imetokana na kazi yangu? Jibu lake liwe kwenye karatasi.

Kwa wenzangu tunaosimamia miradi

Kikundi kinachojenga banda la soko, kinachochimba vidimbwi vya samaki au kinachotengeneza barabara ya kijijini kwa fedha za kaunti au za mfadhili, kikilipa vibarua, ni mwajiri. Inaniuma kuona mradi uliokuja kuleta ajira ukimwacha kijana na mkono uliopooza na barua ya pole. Wekeni bima ya WIBA kwenye bajeti kabla ya fulana na mabango. Sajilini mahali pa kazi na Kurugenzi kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inavyotaka. Muwe na daftari la ajali, nakala kadhaa za DOSH/WIBA 1, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuripoti ndani ya siku 7, ambaye kila kibarua anamjua kwa jina. Mkitumia mkandarasi, ombeni nakala ya bima yake, mpige simu kwa kampuni iliyoitoa kuhakikisha bado iko hai, na mfanye hivyo kabla ya kumlipa awamu ya kwanza.